Mtoto anarudi shule na ugonjwa bado upo: maswali ambayo wazazi wa Mwanza wananiuliza kila mara

Mwangaluka wazazi wenzangu. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Mwanza, ni mama wa wawili pia, na haya maswali nimekuwa nayaandika nyuma ya daftari langu la maandalio tangu Juni 2020. Mengine nimeulizwa kwenye kikao cha wazazi, mengine kwenye daladala ya Buhongwa nimebanwa mlangoni, moja niliulizwa pale Mwaloni Kirumba na mama kashika sato mkiani anataka jibu kwanza ndo anipimie. Korona imepoa lakini maswali hayajaisha, maana sisi wa kanda ya ziwa magonjwa ya mlipuko hayatuachi, kipindupindu kinakuja kinaondoka, Marburg ilitokea kwa jirani zetu Kagera 2023 alafu tena Januari 2025, na kila stori ikisambaa kuna mtoto ataamka asubuhi aseme leo siendi. Tafuta swali linalokuhusu, mengine ruka.

Hivi shule zilifungwa muda gani mpaka watoto wakabadilika vile?

Kwetu zilifungwa 17 Machi 2020, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa. Kidato cha sita na vyuo wakarudi 1 Juni, wengine wote 29 Juni. Yani miezi mitatu na siku kadhaa. Mtu mzima anaona ni kidogo, lakini mtoto wa miaka sita miezi mitatu ni muda wa kung'oka meno mawili na kusahau sura ya mwalimu wake.

Na sisi tulipata nafuu. Kenya walirudisha madarasa machache Oktoba 2020, wengine wakasubiri mpaka Januari 2021. Uganda walikuja kufungua kabisa 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Ziwa ni hili hili moja tunalooga wote. Nina ndugu yangu kaolewa Entebbe, mwanae aliacha shule anajifunza kushika penseli, amerudi viatu vya mama yake vinamtosha.

Mwanangu kila asubuhi tumbo linamuuma, jumamosi haliumi. Si ananidanganya huyu?

Hakudanganyi. Hili ndo swali namba moja, na mimi mwenyewe nilikosea kabla sijaanza kuwajibu wengine. Wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa mwanangu mkubwa, alikuwa la tatu, akaanza tumbo, kila siku saa kumi na mbili kasoro. Nikampa dawa ya minyoo, nikamchemshia tangawizi, siku ya nne nikamfokea, nikamwambia acha usanii panda bajaji. Akapanda. Saa nne napigiwa simu katapika darasani. Jioni tumekaa nje tunachambua dagaa, kila mtu macho kwenye ungo, nikamuuliza tu hivi ukiwa shule unakuwaga unawaza nini. Akakaa kimya sana alafu akasema, mama mi naogopa nikirudi nitakuta umekufa. Kumbe kuna mtu mzima kwenye bajaji alikuwa anasimulia kwamba wanaokufa sana ni walimu na manesi. Na mimi nilikuwa nahangaika na minyoo.

Iko hivi, mtu akiogopa mwili unamwaga homoni za kujihami, moyo unaenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli na tumbo linabaki linasokota, hata wewe siku ya usaili wa kazi ulienda choo mara tatu. Maumivu ni ya kweli kabisa, anayasikia. Ila kabla hujasema ni hofu, kagua kwanza vya kawaida: ana homa? Anaharisha? Anatapika hata wikendi? Mkojo una damu, choo kina damu? Hilo la damu nalisisitiza kwa sababu shule zikifungwa watoto wanashinda ziwani, na kichocho kwetu huku ni mwenyeji, kinapenya kwenye ngozi ukiwa majini sehemu yenye wale konokono wake. Ukiona hayo nenda kituo cha afya, usikae unamuuliza mtoto anawaza nini.

Kama hakuna hayo, na tumbo linajua kalenda kuliko wewe, basi:

Muulize ukiwa unafanya kitu. Ukimkalisha kwenye kochi ukamkazia macho useme haya niambie unaogopa nini, atakwambia siogopi kitu. Wakati wa kuosha vyombo, kuchota maji, kusukana, hapo ndo wanasemaga. Akisema usimkatize na "aah hamna kitu hapo", kwake kipo.

Mwambie mambo yanayoonekana, nani atamfuata, saa ngapi, atasimama wapi. "Saa nane bibi atakuwa kwenye ule mti wa mwarobaini" inamtuliza kuliko "usijali mwanangu". Alafu bibi awepo kweli, mkimdanganya siku moja tu mnaanza upya.

Mfundishe kupoza uji. Avute hewa puani ukihesabu mpaka tatu, apulize taratibu mdomoni kama anapoza uji wa moto ukihesabu mpaka tano, arudie mara tano. Wangu wa darasa la kwanza tunafanya wote kabla ya namba, sasa hivi wananikumbusha wenyewe.

Getini aga fupi, kumbatia ondoka, usirudi kuchungulia dirishani, anakuona. Na usimwache nyumbani kwa ajili ya tumbo la hofu. Ukimwacha leo tumbo linapona saa mbili na nusu, kesho linarudi na kaka yake.

Nimwambieje kuhusu ugonjwa wenyewe? Ana miaka mitano, kaka yake yuko form two.

Wa miaka mitano sentensi tatu zinamtosha: kuna kidudu kidogo sana hakionekani kwa macho, kinapita kwenye mate na mikono, sabuni inakiondoa. Akitaka zaidi atauliza mwenyewe, tena atauliza ukiwa unakula.

Wa form two usianze kumweleza, anza kumuuliza amesikia nini, maana ameshaona video thelathini na nusu yake ni uongo. Kaeni naye, muulizane hii kaisema nani, kaijuaje. Mkibishana pigeni 199, ile namba ya bure ya Wizara ya Afya, muulize mbele yake, naye aone kwamba hata mama hajui kila kitu na anauliza.

Kuna kosa moja tulilifanya karibu wote. Aprili 2020 tuliwatishia watoto, "ukitoka nje Korona itakukamata", tukaitumia kama zamani walivyotutishia sisi na zimwi. Juni ikafika tukageuka, haya vaa uniformu nenda nje. Mtoto wa chekechea afanyeje hapo? Kama ulimtishia mwambie tu, mwanangu kipindi kile nilikutisha kupita kiasi kwa sababu na mimi nilikuwa nimeogopa. Hutapungukiwa heshima. Na usimuahidi kwamba hatutaugua. Mwambie tukiugua tutaenda hospitali tutatibiwa.

Barakoa je, lazima?

Fuata tangazo la serikali na la shule kwa ugonjwa wenyewe, maana kila ugonjwa una njia yake. Wakati wa Korona ushauri wa WHO na UNICEF ulikuwa watoto wa miaka 5 kushuka wasilazimishwe, 6 mpaka 11 inategemea hali ya eneo na kama anaweza kuivaa vizuri, 12 kwenda juu kama watu wazima. Za kitenge zinafuliwa, mshonee mbili na jina lake kwa ndani, kwa sababu wanabadilishana jamani, anarudi na ya mwenzake kisa ina picha ya tausi.

Darasani kwao wako zaidi ya mia, hiyo mita moja wanakaaje?

Hawakai. Mimi ni mwalimu sitakuficha, dawati la watatu wanakaa wanne mpaka watano, mita moja huko ndani labda ukutani. Vinavyowezekana ni madirisha wazi hata kama kuna kijibaridi cha ziwa, masomo mengine chini ya mti, anayeumwa abaki nyumbani, na kunawa. Kwenye kikao cha wazazi uliza hivyo vinne badala ya kuuliza mita, utapata majibu.

Kunawa ndo kuna shida ya maji. Ziwa unaliona kutoka mlimani Bugarika linameremeta kabisa na bomba siku ya tatu halitoi, ila tuiache hiyo. Dawa yake ni kibuyu chirizi. Dumu la lita tano, pasha msumari moto toboa tundu dogo karibu na mdomo, litundike kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, funga kamba shingoni mwa dumu ishuke mpaka kwenye fimbo ya kukanyaga. Ukikanyaga dumu linainama maji yanachirizika, mkono haugusi kitu. Sabuni itoboe uitundike pembeni kwa kamba la sivyo kunguru anabeba.

Kitengenezeni nyumbani, na mtoto ndo awe fundi. Sababu ni kwamba mtoto mwenye hofu anajiona hawezi kufanya chochote, sasa akishatengeneza kitu kwa mikono yake akaenda kuwaelekeza wenzake shuleni anakuwa mtu mwingine kabisa, nimeona hii kwa watoto waoga hasa. Kunawa ni sekunde 20. Nina mwanafunzi bibi yake wa Magu kamfundisha kuhesabu mpaka ishirini kwa Kisukuma, anahesabu kwa sauti akinawa, sasa foleni nzima inahesabu Kisukuma mpaka watoto wa Kihaya na Kijita.

Ana miaka saba, alishaacha kukojoa kitandani, shule ilipofunguliwa kaanza tena. Nimchape?

Hapana. Na godoro usilianike mbele ya nyumba watu waone. Mtoto akielemewa anarudi nyuma kidogo kwenye tabia za udogoni, kukojoa, kunyonya kidole, kutaka kulala kwako, kuongea kitoto, ni kitu cha kawaida na mara nyingi kinaondoka chenyewe ndani ya wiki chache maisha yakishatulia. Punguza vinywaji jioni, mpeleke chooni kabla ya kulala, badilisha shuka kimya kimya. Ila akiwa anasikia maumivu akikojoa, au anakunywa maji kupita kawaida na anakonda, hiyo sio hofu, mpeleke hospitali.

Likizo ndefu imemharibu usingizi, saa sita usiku bado macho kodo.

Umri wa miaka 6 mpaka 12 wanahitaji saa 9 mpaka 12, sekondari saa 8 mpaka 10. Kama anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri piga hesabu mwenyewe, saa mbili usiku awe kitandani. Usimgeuze siku moja, rudisha nyuma dakika kama ishirini kila baada ya siku mbili, anza wiki mbili kabla ya kufungua. Simu ilale sebuleni. Na ya kwako pia, mama.

Kasahau hata kusoma. Nimtafutie tuisheni?

Wiki za kwanza hapana, nisamehe kama wewe ndo unaendesha tuisheni. Mtoto anayetoka kwenye hofu ukimwongezea saa mbili za kukaa kwenye dawati jioni anachojifunza ni kuchukia daftari. Wengi wao hawajasahau, ni kama baiskeli iliyokaa stoo, tairi halina upepo tu.

Dakika kumi na tano kila siku, muda ule ule, na kitu rahisi kuliko darasa lake. Kama yuko la tatu mpe kitabu cha la kwanza, akimaliza ukurasa bila kukwama anaanza kujiamini, kesho unapandisha. Huna kitabu? Asome mabango ya daladala, Igoma, Kisesa, Airport, asome maandishi kwenye kanga yako, asome risiti ya luku. Mwandikie mwalimu wake kijikaratasi au mtumie meseji, mwambie mwanangu amekwama kwenye silabi hizi. Sisi walimu tukiwa na watoto mia tunashukuru mno kwa mzazi anayetuambia wapi pa kuanzia, kuliko anayekuja mwezi wa kumi na moja kushangaa matokeo.

Kijana wangu ana miaka 13, shule zilipofungwa alianza kwenda mwaloni kubeba na kuanika dagaa, sasa anapata hela yake hataki tena habari ya shule.

Hili ndo swali la yule mama wa sato, na ndo linaniumiza kuliko yote, kwa sababu mara nyingi hiyo hela ya kijana imeshakuwa unga wa nyumbani na mzazi ananiuliza huku anaogopa jibu.

Kwanza sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi ya usiku na ya hatari hairuhusu, na dagaa unajua wanavuliwa usiku kwa taa. Kwa hiyo ukienda kuongea na mwenye mtumbwi huendi kuomba msaada, unamkumbusha kitu ambacho mwenyewe anakijua.

Pili, usianze na fimbo. Huyu mtoto kaonja kuitwa "mzee", kalipwa, kasimama na wanaume. Ukimrudisha kwa viboko na kumwita mtoro, anaona shule ni kurudi kuwa kitoto. Muulize kwanza hela anafanyia nini, utashangaa, wengine wanaficha hela ya uniformu ya mdogo wao. Mshukuru kwa alichochangia nyumbani, kwa mdomo, mbele ya watu. Alafu mwambie kuanzia sasa kazi ya kutafuta unga ni yetu wakubwa. Hapo inabidi uwe na mpango kweli, hata kama ni wa nusu nusu, maana yeye anajua bei ya unga.

Tatu, nenda kwa mwalimu mkuu kabla kijana hajarudi shule. Omba siku ya kwanza asisimamishwe mstarini wala asipewe adhabu ya utoro. Wengi hawakimbii masomo, wanakimbia ile aibu ya kusimamishwa mbele ya wadogo zake.

Na hii nimejifunza kwa wavuvi wenyewe: mrudishe wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliki vizuri kwa taa, mitumbwi mingi inapumzika, mwaloni kunapoa, hakuna hela ya kumvuta na wenzake wanapiga soga tu. Wiki hiyo anza shule. Giza likirudi awe ameshakuwa na kadaftari kenye tiki mbili tatu. Kijana wa jirani yetu alirudi hivyo, na mjomba wake ndo alimpeleka, sio mama, kwa sababu mjomba ni mvuvi na maneno yake yalikuwa na uzito. Nisikudanganye, wapo ambao hawakurudi. Mmoja huwa namuona Kirumba, ananisalimia shikamoo mwalimu alafu anaangalia pembeni.

Binti yangu alipata mimba kipindi shule zimefungwa. Ndo basi?

Sio basi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatishwa masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi kwenye shule za kawaida. Mwalimu mkuu akikwambia hapana muulize kwa utaratibu anafuata waraka gani, alafu nenda kwa afisa elimu wa kata. Na kama kuna mtu mzima amehusika, kituo cha polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Mengine mshike mkono tu, mbebee mtoto akisoma.

Babu yake alifariki kipindi cha ugonjwa, hatukumruhusu kuzika. Sasa anarudi shule hajui kilichotokea, tulimwambia babu kasafiri.

Mwambieni kabla hajafika shule, kwa sababu shuleni kuna mtu atamwambia vibaya. Tumia neno lenyewe, babu amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi na hatarudi. "Kasafiri" na "amelala" tunasema kwa huruma lakini mtoto anayachukua yalivyo. Kuna mwanafunzi wangu aliambiwa babu kavuka kwenda Sengerema, basi akawa kila akitumwa dukani anapotelea kivukoni Kamanga kuangalia wanaoshuka. Mwezi mzima. Hakuna mtu alijua mpaka muuza karanga akamrudisha nyumbani.

Atauliza tena na tena, mjibu yale yale. Atalia dakika tano alafu aende kucheza mpira, hajasahau, watoto wanaomboleza kwa vipande. Wengi wanawaza kimoyomoyo kwamba wao ndo walileta ugonjwa, kisa walimkumbatia babu, kwa hiyo hata asipouliza mwambie, sio wewe. Kama hakuzika mpelekeni kaburini wikendi moja, aweke ua, aongee na babu yake kama anataka. Na mwalimu ajulishwe, isije ikawa siku hiyo hiyo somo ni "chora familia yako".

Baba yake ni nesi, wenzake wanamwita "Korona" na hawakai naye.

Nenda kwa mwalimu wa darasa siku hiyo hiyo, usisubiri. Hakuna haja ya kwenda kugombana na mtoto wa mtu njiani. Mimi ikinitokea darasani siwataji waliomcheka, naanza na somo la jinsi ugonjwa unavyoambukiza na usivyoambukiza, alafu yule aliyetengwa namtafutia mwenzake mmoja tu wa kukaa naye. Mmoja anatosha, wengine wanafuata. Nyumbani mpe jibu fupi la kujibu, mfano "baba yangu anatibu watu, hata wewe ukiumwa atakutibu". Mwanafunzi mmoja alilitumia hilo mpaka akaanza kuombwa ushauri wa vidonda.

Akiamka na mafua nimpeleke shule au nimwache?

Homa, kikohozi kinachosumbua, kutapika, kuharisha, au ni kipindi cha mlipuko na dalili zinafanana, abaki nyumbani na mwalimu ajulishwe. Korona kwa watoto wengi huwa nyepesi, usipaniki, lakini akipumua haraka haraka au kwa shida, midomo ikibadilika rangi, akishindwa kunywa, akipata degedege au akilegea haamshiki, hapo ni hospitali muda huo huo, sio duka la dawa kununua antibayotiki ya kubahatisha. Na homa huku kwetu pimeni malaria, hata kama kila mtu anaongelea ugonjwa mwingine.

Nitajuaje kwamba hii imezidi, sio hofu ya kawaida?

Wiki za kwanza mbili tatu wengi wanayumba alafu wanatulia. Ikipita hapo na haipungui, au inazidi, mtoto hali chakula, halali usingizi, hachezi na vitu alivyokuwa anapenda, anakataa kabisa shule, anajiumiza, au anasema maneno kama "bora nife", usisubiri hata siku moja kwa hayo mawili ya mwisho. Anza na mwalimu wa ushauri na unasihi shuleni, au afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yako, au hospitali, Sekou Toure na Bugando hawatakushangaa ukisema tatizo ni la mawazo. Na kuna 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, unaweza kupiga wewe na anaweza kupiga mwenyewe. Iandike ukutani juu ya swichi. Kumpeleka kwenye maombi sikukatazi, mpeleke na huku.

Mwalimu, mimi mwenyewe naogopa. Namtuliza mtoto vipi?

Nilikuwa nalisubiri hili swali, huwa linaulizwa la mwisho, watu wameshaondoka kikaoni na mtu anajifanya anafunga mkoba.

Mtoto hasikilizi sana unachosema, anakuangalia. Ukimwambia nenda mwanangu hamna shida huku umeshika mkono wake mpaka unamuuma, kaelewa vizuri tu. Sio lazima ujifanye jasiri. Mimi 29 Juni 2020 asubuhi nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikamwambia mwanangu hata mama leo anaogopa kidogo, na mama anaenda, twende wote. Akaniletea kile kiatu kingine.

Hofu zako za usiku, za hela, za nani kafariki mtaa wa pili, ziongelee na wakubwa wenzako na sio juu ya kichwa cha mtoto, hata kama anaonekana anaangalia katuni. Zima taarifa ya habari ukishasikia mara moja. Na kama na wewe huli hulali wiki ya tatu sasa, rudi swali la juu ulisome upya ukijiweka wewe.

Na wakifunga tena?

Inawezekana, kwa hiyo usimwambie haitatokea. Andaeni mfuko mmoja nyumbani ukae tayari: madaftari mawili matupu, kitabu kimoja cha darasa lake, penseli, namba ya simu ya mwalimu imeandikwa kwenye karatasi kwa sababu simu zinaibiwa, na betri za redio, maana 2020 masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni na wengi tukayakosa kwa kukosa betri. Wangu aliongeza mwenyewe kakopo ka kutengenezea kibuyu chirizi kingine. Nilimwambia cha nje bado kizima, akasema hiki ni cha akiba.